Siku za Kushikiwa Kamba

Siku hizi mabinti wanaobeba mizigo pale sokoni Nyawera wananijia nyumbani kuniuliza dawa ya shingo. Wanadhani nina chupa nimeificha mahali. Mwanamke aliyebeba miaka yote ile na bado anageuza kichwa kulia na kushoto, wanasema, lazima awe na chupa. Sina chupa. Nina mambo machache niliyofundishwa kwa ukali, na kwa kuwa nimechoka kuyarudia kwa kila anayebisha hodi, nimeona bora niyaandike. Naandika polepole na kwa herufi kubwa, na nikikumbuka jambo la zamani katikati ya jambo la jana nitaliweka hapohapo. Mtavumilia.

Naitwa Nsimire. Nilibeba mizigo mgongoni katika mji huu wa Bukavu tangu nikiwa msichana mpaka magoti yaliponikatalia. Nyie mnaijua kazi, lakini yupo atakayesoma ambaye hajawahi kubeba hata ndoo, basi nimweleze. Mzigo unakaa mgongoni. Kamba pana inapita chini yake, inapanda mpaka kichwani, na kichwa ndicho kinachovuta. Mikono haina kazi kubwa. Boti zinafika kutoka Kalehe na makala, yaani makaa ya kupikia, na mihogo na vitunguu, mizigo inashushwa ukingoni mwa ziwa, na sisi tunaipandisha mpaka sokoni. Kupanda ni kupanda kweli. Mji huu haukupangwa na mtu aliyewahi kubeba kitu.

Mwanzoni nilikuwa na ujinga ambao wengi wenu bado mnao. Tuliambiana sisi wasichana kwamba tumbo tupu linabeba vizuri, kwamba chakula ni mzigo juu ya mzigo. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi, nikajifunga kitenge kwa nguvu tumboni ili njaa isipate nafasi ya kusema, nikaondoka. Njaa kweli ilinyamaza. Kilichosema ni macho. Siku moja, katikati ya mwinuko, niliona barabara imekuwa nyeupe, halafu sikuona kitu. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala ubavu, na makala yangu yanateremka kurudi ziwani yalikotoka, watoto wakiyakimbilia. Mwanamke mmoja mwenye mabega mapana alikuwa anayaokota kwa utulivu, anayarudisha kwenye gunia moja moja. Aliokota makala kwanza, halafu akaniokota mimi.

Huyo ndiye Maman Cibalonza. Alitoka kijiji cha Nyantende, alikuwa amezika mume, na alikuwa mkubwa wa kundi letu bila mtu yeyote kumchagua. Aliniketisha kwenye jiwe na kunitazama kama mtu anayeangalia kuku sokoni kabla ya kumnunua. Maneno nitayaandika kama tulivyoyasema, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu: njo ni ndiyo, ikala ni kaa, na batu ni watu.

“Asubui ulikula nini?”

“Chai, maman.”

“Chai njo chakula?”

Akanyosha mkono, akaivua kamba yangu shingoni mwangu, akaikunja na kuiweka begani kwake.

“Leo haubebe tena. Ikala apa.”

“Maman, siko mugonjwa.”

“Sikukuuliza kama uko mugonjwa.”

Ndivyo nilivyoingia katika desturi ya kundi lile. Kamba ya mbebaji ni yake peke yake. Ameisuka mwenyewe, imechukua umbo la kichwa chake, na ukimpa ya mwenzake atalalamika njia nzima kwamba inamkata. Bila kamba yako hubebi, na hakuna atakayekuazima. Kwa hiyo mkubwa akikushikia kamba, siku yako imekwisha. Unakaa chini penye mizigo, unalinda vitu vya wenzako, unakula nao mchana, na jioni kila mmoja anakutengea kidogo ili usirudi nyumbani mikono mitupu. Kesho yake, ukionekana mzima, unarudishiwa. Ukionekana bado, hurudishiwi, na hakuna wa kumlalamikia.

Wageni katika kundi walidhani ni adhabu. Nami nilidhani hivyo, nikakasirika karibu mwezi mzima. Nilichukua muda kuelewa kwamba mtu anayebeba hawezi kujiangalia mwenyewe. Ukiwa chini ya mzigo unaona miguu yako na miguu ya aliye mbele yako, basi. Lazima awepo mtu aliyesimama pembeni anayekuona mwili mzima.

Tangu siku ya makala, nilikula kabla ya kubeba. Uji mzito wa mtama, au fufu, ugali wetu wa muhogo, iliyobaki jana na maharage yake, hata kama ni baridi. Na maji, siyo ya kumiminia kifuani ukiwa umeshachoka, bali ya kunywa kidogo kidogo kabla kiu haijaja. Bia ya ndizi, kasiksi, ni nzuri, siikatai, lakini ni ya jioni. Nimewaona wanaokunywa kasiksi asubuhi ili mzigo uwe mwepesi. Mzigo unabaki uzito uleule, ila barabara ndiyo inaanza kucheza.

Kuhusu shingo, kwa kuwa ndiyo mnayoijia. Kamba haikai kwenye paji la uso. Inakaa juu kidogo, pale nywele zinapoanzia na zaidi, ili uzito ushuke katikati ya shingo moja kwa moja. Chini yake weka kitambaa kilichokunjwa, kikavu, kisafi, siyo soksi ya mtoto kama nilivyomwona mmoja wenu juzi. Kidevu kivute ndani. Usigeuze kichwa kumjibu mtu anayekuita. Anayekuheshimu atakuja mbele yako. Jioni pasha mafuta ya mawese kidogo, mtu akupake nyuma ya shingo mpaka mabegani, polepole, na wewe umpake yeye. Sisi tulipakana pale pale kwenye ukuta wa soko tukisubiri wenzetu, na wapita njia walituangalia wakacheka, nasi tuliwacheka wao kwa sababu shingo zao hazikuwa na mtu wa kuzipaka.

Miguu nayo. Kuna mwaka nilipewa viatu vya kufunika, vya ngozi, na mtu mwema aliyenihurumia. Nikavivaa kwa fahari. Matope ya mvua yakaingia, yakakaa ndani, na nilipovivua vidole vyangu vilikuwa vyeupe vimekunjamana, na kisigino hakina ngozi. Cibalonza aliviangalia vile viatu akasema ni vizuri sana kwa kwendea misa. Nikaendea misa. Kazini nilirudia sandali za plastiki, na kila jioni beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi, kucha fupi, kukausha katikati ya vidole. Mambo madogo. Nimewaona wanawake wenye nguvu kuliko mimi wameacha kazi kwa sababu ya kidonda cha ukubwa wa punje ya maharage.

Halafu kuna jambo ambalo mabinti huwa hawaniulizi, kwa hiyo nitalisema bila kuulizwa.

Tulikuwa na mwenzetu anaitwa Faida, mdogo kwangu kidogo, mcheshi, ambaye alijua kuiga mwendo wa kila mwenye duka pale sokoni. Faida alizika mtoto. Siku chache baada ya matanga alikuja kazini, amefunga kilemba vizuri, akachukua mahali pake kwenye mstari akasubiri gunia kama kawaida. Tukamsaidia kuinua. Cibalonza alikuja kutoka nyuma, akamsimamisha, akanyosha mkono.

“Maman, niko na nguvu,” Faida akasema. “Niache.”

“Naona nguvu. Leta kamba.”

“Nitaenda kufanya nini ku nyumba? Nyumba iko kimya.”

“Basi usiende ku nyumba. Ikala apa juu ya bitunguu, ulie. Batu batasema njo bitunguu.”

Faida alikaa juu ya magunia ya vitunguu akalia mchana kutwa. Tulipanda na kushuka, tukamkuta analia, tukapanda tena. Kila aliyeshuka alikaa naye kidogo. Wafanyabiashara walipita, wengine wakamwambia pole, vitunguu vya msimu huu vikali. Kamba yake ilikaa begani kwa Cibalonza muda mrefu, sikumbuki kiasi gani, mpaka siku Faida alipoiga mwendo wa mwenye duka la chumvi, na sisi tukacheka, na Cibalonza akaitoa begani akamrushia bila neno. Naliandika hili kwa sababu mnajua kupumzisha mgongo, mnajua hata kupumzisha simu zenu ziingie chaji, lakini moyo mnaupandisha mlimani kila siku kama haubebi kitu.

Na kukataa mzigo. Hii ni afya pia. Mteja atakuambia mwanamke wa jana alibeba zaidi. Mwambie basi akamtafute wa jana. Mimi nilijifunza kusema hivyo nikiwa nimechelewa kidogo, na ubavu wangu wa kushoto unanikumbusha kila mvua ikikaribia.

Kazi imebadilika, siwezi kujifanya sioni. Siku hizi moto, hizi pikipiki, zinapandisha magunia mawili na abiria juu yake, na kamba zenu ni za nailoni, nyepesi, za rangi nzuri, zinazokata kichwa kama kisu kama hamjaweka kitambaa. Zamani tulisuka kwa nyuzi za mkonge na tuliziloweka kabla ya kuzivaa. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Zamani wengi wetu tuliharibikiwa na mimba barabarani na hatukusema. Nasema tu kwamba tulikuwa na mtu wa kutushikia kamba, na nikipita Nyawera sasa naona kila mmoja anabeba peke yake, na masikio yake yamezibwa na muziki.

Sasa nifike kwa Cibalonza mwenyewe, maana nimekuwa nikizunguka.

Alianza kupumua kwa sauti. Mwanzoni tulisema ni uzee, kisha tukaona miguu yake imevimba jioni, alama ya kidole ikibaki ukimbonyeza. Alikuwa akifika juu anashika ukuta, anajifanya anatusubiri sisi. Mtu aliyetuona wote alikuwa mbele yetu, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumwona yeye. Siku moja nilimbembeleza tukaenda kituo cha afya. Nilimwambia mimi ndiye mgonjwa na naogopa kwenda peke yangu. Tulipofika nikamsukuma mbele.

Muuguzi, mama mtulivu, alimpima akarudia kumpima. Akatuambia wote wawili, bila kuzungusha maneno: tansio, presha ya damu, imepanda vibaya, moyo umechoka, akiendelea kupanda mlima na gunia ataanguka siku moja na hatasimama. Dawa atakunywa kila siku, chumvi apunguze, na kubeba aache. Cibalonza alimshukuru kwa heshima kubwa. Tulipotoka nje alinishika mkono.

“Usiambie bale bengine.”

“Maman, ulisikia maneno yake?”

“Nilisikia. Kama siko pale, nani atabashikia kamba?”

Kesho yake alibeba. Keshokutwa pia. Niliogopa, nasema wazi. Nilitembea nyuma yake kila safari, nikiangalia visigino vyake, nikijiuliza nitamdakaje mtu na gunia lake nami nina la kwangu. Usingizi ulinipotea. Chakula nilikula kwa sababu ya mazoea. Nikaja kuelewa kwamba nami nilikuwa naharibika kwa kubeba siri yake juu ya mihogo.

Asubuhi ile boti ilichelewa, tulikuwa wengi tumesimama ukingoni, ukungu bado uko juu ya maji. Cibalonza alikuwa wa kwanza kwenye mstari, kamba shingoni. Nilitoka mahali pangu nikaenda kusimama mbele yake. Nikanyosha mkono kama yeye alivyokuwa akinyosha.

“Maman, leta kamba.”

Faida alikuwa anakula muhogo wa kuchoma, akaacha kutafuna.

“Unasema nini?”

“Leta kamba. Leo haubebe.”

“Nsimire, nani alikuambia unaweza kunishikia kamba, miye?”

“Njo weye.”

Alinitazama. Mkono sikuushusha, kwa sababu nilijua nikiushusha sitauinua tena. Nilidhani atanipiga, na angenipiga nisingemlaumu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, siyo ya hasira:

“Na bale? Nani atabaangalia?”

Faida akameza muhogo wake. “Tutaangaliana, maman. Tulikuona vile unafanya.”

Cibalonza aliivua kamba. Hakunipa mkononi. Aliiweka chini, juu ya mawe, akaenda kukaa kwenye gunia la mihogo akitugeuzia mgongo, uso ukiwa ziwani. Niliinama nikaiokota. Ilikuwa na joto lake bado. Tulisimama pale kama watu waliovunja kitu cha thamani, mpaka aliposema bila kugeuka:

“Munaangalia nini? Mizigo itajipandisha?”

Hakurudi tena kwenye mstari. Alikwenda zake Nyantende, akalima maharage kidogo asubuhi kabla ya jua, akanywa dawa zake, akanuna. Alinuna vizuri, kwa muda mrefu. Nilipomtembelea alinipa kiti na hakunipa maneno. Lakini mara ya pili au ya tatu niliona miguu yake: imerudi kuwa miguu, mifupa inaonekana. Nikala kwake, chakula hakina chumvi, nikakimaliza. Wakati wa kuagana akauliza:

“Kamba yangu?”

“Iko kwangu, maman.”

“Iko muzima?”

“Iko muzima.”

“Miye pia,” akasema, akafunga mlango.

Miaka yote iliyofuata tuliagana kwa maneno hayo hayo. Hakuomba nimrudishie, nami sikujitolea. Aliona wajukuu, akawapiga, akawalea. Alikufa katika kitanda chake, msimu wa mvua, binti zake wakiwa pembeni. Hilo ndilo nililolipigania asubuhi ile ukingoni, na nilipoambiwa amefariki nililia kwa huzuni na kwa furaha pia, sijui kama inaruhusiwa. Kamba yake ninayo, inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wangu. Panya waliijaribu wakaiacha.

Baada yake mkono wa kunyosha ukawa wangu. Niliwashikia kamba wenye homa, wenye mimba, wenye waume waliowapiga, na mmoja aliyekuwa amependa mtu mpaka haoni mashimo ya barabarani. Walikasirika, kisha wakaacha kukasirika. Wakaanza kuniogopa kama tulivyomwogopa yeye, na hapo ndipo kosa la kazi yetu linapojificha. Nyote mnaowaangalia watu, mama, muuguzi, mwalimu, mkubwa wa nyumba, nisikilizeni hapa kama hamkusikiliza pengine pote.

Magoti yangu yalianza kulia nikiteremka. Kulia kabisa, mtu wa pembeni anasikia. Niliyafunga kwa kitambaa, nikayapaka kila kitu kinachopakwa. Asubuhi nilihitaji ukuta ili nisimame. Wanawake waliona. Nilijua wanaona, kwa sababu walikuwa wanaacha mizigo midogo upande wangu wa mstari. Lakini hakuna aliyesema. Nilikuwa ninafika ukingoni, kamba shingoni, nawatazama mmoja mmoja, nikingoja nani ataninyoshea mkono kama mimi nilivyomnyoshea Cibalonza. Walitazama pembeni. Nikawakasirikia. Nilifikiri, nimewafundisha nini miaka yote hii? Niliendelea hivyo majuma mengi, nikipanda kwa hasira, nikisubiri kuonwa na watu ambao niliwazoesha kutonitazama.

Siku moja nilikuwa nimekaa chini nangoja boti, nikajaribu kusimama, nikashindwa. Nikakaa tena, nikajifanya sina haraka. Faida alikuwa karibu. Naye alikuwa amezeeka, nywele nyeupe zinachungulia chini ya kilemba, na bado alikuwa anaiga mwendo wa watu. Siku hizo alikuwa anaiga mwendo wangu, nilikuwa nimesikia. Nikaivua kamba yangu mwenyewe. Nikamnyoshea.

“Faida, unishikie.”

Akaangalia kamba, akaniangalia mimi. Hakucheka.

“Mupaka lini?”

“Mupaka nitakapoiomba.”

Akaikunja, akaiweka begani, akasogeza gunia lake ili niegemee. Mchana nilikula nao. Jioni walinitengea. Nilirudi nyumbani, nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikaweka miguu ndani ya beseni, nikasinzia hapohapo kwenye kiti mpaka maji yakapoa.

Faida naye amestaafu sasa. Anakaa hapa jirani, na jioni tunapakana mawese shingoni, tukiwasema watu. Mkija kwangu kutafuta chupa, pitieni na kwake. Kamba yangu iko huko, kwenye msumari wake. Bado sijaiomba.